Mama anatetemeka, kaka anasema ni dawa ya presha

Shikamoo Bi Mfamasia,

Nakuandikia usiku, mama ameshalala na nyumba imetulia kidogo. Natumaini u mzima wewe na wako.

Mama yangu ana miaka 68. Naishi naye hapa Tanga pamoja na wanangu wawili. Ana presha, mwaka wa nne huu, na kliniki anahudhuria bila kukosa. Kila asubuhi anameza amlodipini ya miligramu 10. Mwaka jana mwezi wa tatu alianza kupata kizunguzungu. Akigeuka kitandani dari linazunguka, anashika godoro kwa mikono miwili na kufumba macho mpaka kipite. Zahanati wakamwandikia sinarizini ya miligramu 25, kutwa mara tatu, kwa wiki mbili. Akapata nafuu, na tangu hapo zikiisha ananituma duka la dawa. Ni vidonge vya bei ndogo, hawaulizi cheti, na mimi sikuona ubaya. Nimemnunulia hivyo kwa zaidi ya mwaka.

Bi Mfamasia, mama yangu ni msusi wa ukili tangu utoto. Zamani alikuwa anasuka huku anazungumza, hata mkono hautazami. Sasa miyaa inamponyoka. Mikono inamtetemeka yote miwili, na kazi aliyokuwa akiimaliza kwa asubuhi moja inamchukua siku tatu. Juzi nimemtengea chai, kikombe kikawa kinalia juu ya kisahani, tiri tiri tiri, akakirudisha chini taratibu akaniambia nimmiminie kwenye bilauri ya plastiki. Sikuweza kunywa yangu. Anatembea kwa vihatua vidogo, mikono imeganda ubavuni. Uso umekuwa mzito, hacheki, mpaka jirani akaniuliza kama tumegombana. Tena analia bila sababu, na harusi ya mjukuu wa dada yake alikataa kwenda.

Nilipomweleza kijana wa duka la dawa, akasema hiyo ni Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na mwili kukakamaa, akanipa vidonge vya benzeksoli, vile ambavyo wengi wanaviita Artane. Wiki ya tatu sasa. Mkono umetulia kidogo, lakini mdomo umemkauka, haja ndogo inagoma, na usiku anaamka anazungumza na watu nisiowaona. Shangazi yangu akasema basi, mambo yako wazi, mama amekanyaga kitu, twende kwa mtaalamu.

Kaka yangu yuko Muscat kikazi. Yeye alisoma kwenye simu kwamba dawa zinazofunga njia za kalsiamu zinaleta kutetemeka. Akaniambia nimpigie picha karatasi ya ndani ya boksi la amlodipini, akaona imeandikwa kundi hilohilo. Akapiga simu, akamwambia mama aache mara moja. Mama anamsikiliza yeye kuliko mimi. Leo ni siku ya tano hajameza. Jioni nimempeleka kupimwa, presha ni 178 kwa 104.

Naomba uniambie, kaka yangu amekosea au amepatia? Mama ana Parkinson kweli? Na hivi vidonge nimwache navyo kipi, nimwondolee kipi? Nahisi kama ni mimi niliyemfanyia haya, maana kila kidonge nimekinunua kwa mkono wangu.

Binti wa Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Kabla ya yote, lile lisilongoja. Mama arudie amlodipini yake leo, dozi ileile aliyoandikiwa kliniki, na kesho asubuhi umpeleke akapimwe tena, uwaeleze kwamba aliikosa siku tano. Wakati huo mtazame. Akilalamika kichwa kinamuuma kwa nguvu isiyo ya kawaida, kifua kubana, mdomo kwenda upande, ulimi kuwa mzito au mkono mmoja kukosa nguvu, usingoje asubuhi wala usimpigie kaka kwanza. Hospitali moja kwa moja.

Sasa tuzungumze.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu, nikawa naandika pembeni kila dawa na mwezi ilipoanza. Amlodipini, miaka minne. Sinarizini, mwezi wa tatu mwaka jana. Kutetemeka, miezi kadhaa baada ya sinarizini. Benzeksoli, wiki tatu. Kuzungumza na watu wasioonekana, ndani ya wiki tatu hizohizo. Ukiziweka hivyo kwenye mstari, dawa ya presha iliishi na mama yako karibu miaka mitatu bila kikombe kulia.

Kaka yako amesoma jambo la kweli, akalibandika kwenye boksi lisilo lake. Simlaumu, kwa sababu jina lenyewe linapotosha. Ngoja nikueleze, nawe umsomee.

Kalsiamu tumezoea kuisikia kwenye mifupa na maziwa, lakini ina kazi nyingine mwilini. Kuta za mishipa ya damu zina misuli. Kalsiamu ikipenya ndani ya seli za misuli hiyo kupitia vijilango vyake, misuli inakaza, mshipa unakuwa mwembamba, presha inapanda. Dawa kama amlodipini na nifedipini zinafunga vijilango hivyo, mshipa unalegea, damu inapita. Verapamili na diltiazemu ni ndugu zao, ila hizo zinashughulika zaidi na moyo. Halafu kuna tawi la tatu, ambalo watu wengi hawajui hata kama ni la ukoo huu: sinarizini na flunarizini. Nazo zinafunga vijilango vya kalsiamu, lakini hazitumiki kwa presha. Sinarizini ni dawa ya kizunguzungu na kichefuchefu cha safari. Flunarizini hutolewa zaidi kuzuia kipandauso.

Kwa hiyo dawa mbili za mama yako zote ni za kundi alilolisoma kaka. Moja aliiona kwenye karatasi akaikamata. Ya pili haikumjia akilini, kwa sababu kwenu inaitwa tu dawa ya kizunguzungu.

Tofauti iko wapi? Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu inayopanga mwendo wa mwili, na inafanya kazi kwa kemikali iitwayo dopamini. Dopamini ina mahali pake pa kutua, na hapo ndipo ujumbe unapopokewa: nyanyua mkono, geuka, tabasamu. Sinarizini na flunarizini, mbali na habari ya kalsiamu, zinakwenda kukalia mahali hapo pa dopamini. Ni kama mgeni aliyekaa kwenye kiti cha mwenye nyumba. Mwenye nyumba yupo, ila amesimama mlangoni hana pa kukaa, na shughuli zake zimelala. Katika ugonjwa wa Parkinson wenyewe ni kinyume: viti vipo, wenye nyumba ndio wanaopungua mwaka hadi mwaka, kwa sababu seli zinazotengeneza dopamini zinakufa. Kwa nje wagonjwa hawa wawili wanafanana sana. Mikono inatetemeka, hatua zinafupika, uso unaganda. Lakini mgeni anaweza kuondoka akarudisha kiti.

Haya si mapya. Sinarizini ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1955 katika maabara za Janssen, ikaenea nchi nyingi, na ikatumiwa sana na wazee kwa sababu iliaminika inasaidia damu kufika kwenye ubongo. Miaka ya 1980 madaktari wa mishipa ya fahamu wa Amerika ya Kusini na Hispania wakaanza kuona wazee wanaotetemeka ambao historia yao ina kitu kimoja. Mwaka 1986 madaktari wa Montevideo, Uruguay, waliandika katika jarida la udaktari la Lancet kuhusu wagonjwa waliotumia flunarizini. Walikuta dalili kama za Parkinson, ulimi na midomo inayojitafunatafuna yenyewe, wasiwasi wa mwili unaomfanya mtu ashindwe kukaa, na huzuni nzito. Mwaka uliofuata madaktari wa Buenos Aires wakaandika hayohayo kuhusu flunarizini na sinarizini pamoja. Kule San Sebastián, Hispania, waliwafuatilia wagonjwa wa sinarizini kwa miaka, wakaona wengi wao walirudi katika hali yao baada ya kuacha dawa, na wachache wakabaki na ugonjwa.

Ninataka usome tena neno huzuni hapo juu. Uliniandikia kwamba mama analia bila sababu na amekataa harusi. Umeliweka mwishoni, kama jambo la pembeni, lakini kwangu lina uzito sawa na mkono. Dawa hizi zinaweza kushusha roho ya mtu kama zinavyopunguza mwendo wake, na ndiyo maana flunarizini hairuhusiwi kwa mtu aliyewahi kuugua huzuni kali. Usimwambie mama ajikaze. Mwambie daktari kwamba analia, tangu lini, na kama amewahi kutamka kwamba amechoka kuishi.

Wanaopatwa zaidi ni wazee, na wanawake kuliko wanaume. Na muda ni sehemu ya hatari. Vidonge vya safari ya boti siku moja si sawa na vidonge vitatu kila siku kwa zaidi ya mwaka. Zahanati walimwandikia mama wiki mbili. Huo ndio ulikuwa mpango, na mpango ulikuwa mzuri. Kilichovunjika ni kwamba baada ya wiki mbili hakuna aliyeuliza, kwenye duka wala nyumbani. Mimi ni mfamasia, na kama mtu wa kaunta angeniuliza, ningemwambia kwamba anayekuja mara ya tatu kununua dawa ya kizunguzungu kwa ajili ya mzee anatakiwa kuulizwa swali kabla ya kuuziwa. Kwa hiyo mzigo huu usiubebe peke yako, mwanangu. Ulinunua dawa aliyoandikiwa mama yako, ikampa nafuu, ukaendelea.

Kaka bado atauliza: je, amlodipini haina hatia kabisa? Nitamjibu kwa ukweli. Zipo taarifa za mgonjwa mmoja mmoja aliyepata dalili kama hizi akitumia diltiazemu, verapamili, na hata amlodipini, na daktari anaruhusiwa kuliwazia hilo. Lakini ni nadra sana ukilinganisha na mamilioni wanaozimeza. Amlodipini ninayoijua mimi inavimbisha vifundo vya miguu, inaleta kichwa kuuma siku za mwanzo, wengine fizi zinavimba. Na utafiti juu ya dawa za presha za tawi hili umeelekea upande ambao kaka hakuutarajia. Mwaka 2007 timu ya James Surmeier, Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, ilionyesha kwa panya kwamba seli za dopamini zinachoshwa na kalsiamu inayoingia ndani yake mchana na usiku, na kwamba isradipini, ndugu wa amlodipini, ilizikinga. Baadaye takwimu za Denmark zikaonyesha kwamba waliotumia dawa za presha za aina hiyo walipata Parkinson kwa uchache kidogo. Watu wakapata matumaini makubwa. Wagonjwa 336 wa Marekani na Kanada, ambao Parkinson yao ilikuwa changa, wakafuatiliwa miezi 36, wengine wakimeza isradipini miligramu 10 kwa siku na wengine kidonge kitupu, kisicho na dawa ndani. Matokeo yalitoka 2020: ugonjwa ulikwenda mwendo uleule kwa wote. Kwa hiyo si kinga, lakini pia hakuna aliyeona kwamba inawasukuma watu kwenye Parkinson. Wakati huohuo, presha ya 178 kwa 104 iliyoachwa bila dawa tunajua inaelekea wapi: kiharusi, figo, moyo. Hiyo ndiyo hatari iliyokuwa imeingia nyumbani kwenu kwa siku tano.

Sasa benzeksoli. Hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu naliona mara nyingi. Kidonge cha kwanza kinaleta dalili, dalili inapewa jina la ugonjwa, ugonjwa unapewa kidonge cha pili, kidonge cha pili kinaleta dalili nyingine, na familia inaanza kutafuta aliyeroga. Benzeksoli inaweza kutuliza mkono, ndiyo. Lakini kwa mtu wa miaka 68 inakausha mdomo, inafunga choo, inazuia mkojo, inaweza kudhuru macho ya mwenye presha ya jicho, na inavuruga akili usiku. Watu anaozungumza nao mama wana uwezekano mkubwa wa kuwa wametoka ndani ya pakiti hiyo. Usimkatishe ghafla kwa uamuzi wako, kwa sababu kuikata kwa mkupuo nako kunaweza kumsumbua. Daktari ataipunguza kwa hatua. Ila ukiona haja ndogo imegoma kabisa kutoka, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo.

Sinarizini, mimi nisingemnunulia kidonge kingine hata kimoja. Si dawa inayohitaji kushushwa kidogo kidogo. Lakini nataka umwone daktari ndani ya wiki hii, siyo mwezi ujao, umwambie kwamba imesimama na kwa nini.

Siku ya kwenda, chukua mfuko wa rambo, ingiza kila dawa iliyomo ndani ya nyumba. Maboksi matupu pia. Dawa za maji, dawa za kikohozi, mizizi aliyoleta shangazi, vyote. Nina sababu. Mama alikuwa na kizunguzungu na pengine kichefuchefu, na zipo dawa nyingine za matatizo hayo zinazokalia kiti kilekile cha dopamini: metoklopramidi, ambayo wengi mnaijua kama Plasil, na prokloperazini, ambayo nayo huandikwa kwa kizunguzungu. Ningesikitika sana kama sinarizini ingeondolewa mlangoni na prokloperazini ikaingizwa dirishani. Kwa hiyo mwambie daktari hivi, kwa maneno haya: "Mama ametetemeka akitumia sinarizini, tunaomba asipewe dawa nyingine inayozuia dopamini." Hakuna daktari mzuri atakayekasirika.

Omba mama aonwe na bingwa wa mishipa ya fahamu kama hospitali yenu ya rufaa inaye, au daktari wa magonjwa ya ndani. Atataka kujua mambo ambayo wewe unaweza kuyachunguza nyumbani kuanzia leo. Kutetemeka kulianza upande mmoja au pande zote pamoja? Parkinson yenyewe kwa kawaida huanza upande mmoja na kukaa huko muda mrefu, ile ya dawa mara nyingi hushika pande zote, japo si sheria. Mtazame mama akiwa ameweka mikono mapajani, hajui kama anatazamwa: mkono unacheza ukiwa umepumzika, au unacheza zaidi anapouinua kushika kitu? Mpe asumini au karafuu anuse akiwa amefumba macho. Muulize choo chake kilikuwaje miaka kadhaa kabla ya haya, na kama usingizini alikuwa anapiga mateke na kupiga kelele. Kupoteza harufu, choo kigumu cha siku nyingi na ndoto za vurugu mara nyingi hutangulia Parkinson ya kweli. Kama hayo hayapo, matumaini yangu yanaongezeka.

Nimesema matumaini, sikusema hakika. Wengi hupona ndani ya miezi. Wengine huchukua mwaka na zaidi. Na wapo ambao dawa ilifichua tu kilichokuwa kinakuja, kwamba wenye nyumba walikuwa wameshaanza kupungua na yule mgeni akaja kuwaumbua. Kama mama atakuwa miongoni mwao, bado si mwisho, kwa sababu Parkinson ina dawa, levodopa, inayorudisha mwendo kwa kiasi kikubwa. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo la watu zaidi ya 161,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Waliwapata wagonjwa 33 wa Parkinson, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa ugonjwa wao. Walikuwa wanakaa nao tu, wengine wakidhaniwa ni uzee. Ndiyo maana, mwanangu, habari ya shangazi usigombane nayo. Akitaka kumsomea mama dua, amsomee, na mama atafarijika. Mwombe jambo moja tu: chochote cha kunywa au kujifukiza kingoje mpaka daktari aonane na mama, ili tusiongeze dawa ya tatu juu ya mbili.

Limebaki lile lililoanzisha yote, nalo nadhani mmelisahau: kizunguzungu chenyewe. Uliandika kwamba dari lilizunguka alipogeuka kitandani, kisha likatulia. Hicho mara nyingi ni kizunguzungu cha sikio. Ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo sana, tena navyo vimetengenezwa kwa kalsiamu, na vikitoka mahali pake vikaingia kwenye mfereji usio wao, kila ukigeuza kichwa dunia inazunguka kwa sekunde kadhaa. Dawa yake si kidonge. Daktari aitwaye John Epley, wa Portland nchini Marekani, alieleza mwaka 1992 namna ya kumlaza mgonjwa na kugeuza kichwa chake kwa hatua, ili vijiwe virudi kwao. Ni kazi ya dakika chache, na daktari wa masikio anaweza kuifanya. Kikirudi, mpeleke huko. Na kliniki ya presha waombe wampime mama amelala, kisha amesimama, kwa sababu presha ikishuka sana anaposimama nayo inaleta kizunguzungu, na hapo dozi ndiyo itakayotazamwa.

Kaka mpigie wewe. Usimwambie amekosea, mwambie alikuwa karibu: ukoo aliupata, mtu akamkosa. Umwombe amwambie mama kwa sauti yake mwenyewe arudie kidonge cha presha, maana umesema anamsikiliza. Umbali unamtia mtu hofu, na hofu yake aitumie kwa hilo.

Kisha fanya hivi. Tafuta daftari. Kila Ijumaa baada ya chai, mpe mama miyaa, mwache asuke kwa nusu saa bila kumharakisha, halafu pima ukili aliosuka kwa rula na uandike urefu pamoja na tarehe. Chini yake aandike jina lake. Mwandiko ukiwa unafinyika utauona, ukianza kupanuka utauona pia. Wiki nne za kwanza usitarajie kitu, na urefu ukishuka usifute. Peleka daftari hilo kila mnapokwenda kwa daktari, atalihitaji kuliko maneno yangu. Baada ya miezi mitatu niandikie tena, uniambie Ijumaa ya kwanza ilikuwa sentimita ngapi na ya mwisho ngapi, na kama chai anainywa kwenye kikombe.

Mfamasia wenu